Choki gani kwa bata mwitu?

SWALI: Habari mhariri, niko Minnesota, nina bunduki ya marisau (vipunje vingi kwa mpigo) Remington 870 ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), jamaa wa kazini wananipeleka kuwinda bata mwitu, dukani wanasema ninunue choki (kipande cha mdomoni mwa mtutu kinachobana marisau) ya fulu, yaani inayobana sana, ya kampuni nyingine eti marisau yatafika mbali. Ninunue?

JIBU: Ngoja kwanza kaka, usitoe hela. Huko Marekani tangu 1991 marisau ya madini ya risasi ni marufuku kwa bata, wengi mnapiga ya stili, na stili ni ngumu haibonyei, ukiipitisha kwenye choki iliyobana sana ambayo haikutengenezwa kwa stili unaweza kuharibu choki au hata mtutu wenyewe. Anza na modifaidi, yaani ya kubana kiasi, ya kiwandani, stili humo inakusanyika karibu kama fulu. Bandika karatasi kubwa, chora duara la inchi 30, simama yadi 40, piga mara tatu tatu kwa risasi zilezile utakazowindia maana kila bunduki ina tabia yake, uhesabu matundu. Ukiona mapengo makubwa ndo utafute nyingine, thredi (mikunjo ya skrubu ya kufungia choki) ziwe za Rem Choke, aina ya Remington, za Invector, aina ya Browning, hazikai humo. Na usifyatue kabisa bila choki, thredi za mtutu zitakufa.