Shubiri ya kienyeji juu ya mawe ya volkano, Goma

Dada wa mtaa wa Ndosho, umesema shubiri zako tatu zimeoza, ingawa ulizichongea mashimo kwenye lava, ukayajaza udongo mweusi wa Masisi na kuzimwagilia kila jioni. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mwaka 2014 nilipoteza miche kumi na mmoja kwa njia hiyo hiyo, na iliniuma.

Kilichoziua ni huo udongo mzuri. Lava iliyoganda bamba zima, ukiichonga shimo, umetengeneza sufuria. Udongo mzito ukikaa humo na mvua ya Novemba ikapiga, maji hayana pa kupitia. Shubiri ina akiba yake ndani ya majani. Vitundu vya majani inavifungua usiku kuvuta hewa, mchana inavifunga ili maji yasipotee. Mmea uliojipanga hivyo kwa ajili ya ukame, ukiuloweka mizizi juma zima, unaoza kuanzia shingoni. Majani ya chini yanalainika kama yaliyochemshwa, ukiyagusa yanachomoka. Ukifika hapo usimwagilie tena. Ng'oa, kata mpaka uone nyama safi isiyo na doa la kahawia, halafu anza na kipande hicho.

Mama yangu ndiye aliyenifunza, ingawa hakuwahi kunieleza kwa maneno. Parsele yake, yaani kiwanja chake, ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Kwa miaka hatukuona juu yake ila ile manyoya ya kijivu inayoshika mawe, wataalamu huiita Stereocaulon, kisha kangaga wachache kwenye nyufa. Akaleta tawi la shubiri kutoka uzio wa dada yake Rutshuru, akalisokomeza kwenye ufa wenye vumbi na changarawe tu. Sikumwona akilimwagilia hata siku moja. Uzio wote tulio nao leo umetoka kwenye tawi hilo.

Siku hizi nafanya hivi. Nakata tawi au nang'oa chipukizi lenye urefu wa kiganja, nalilaza kivulini siku 5 hadi 7 mpaka kidonda kikauke kabisa. Usiruke hatua hii, hata kama una haraka. Nachanganya beseni tatu za changarawe nyeusi ya volkano, punje kubwa kama mahindi, na beseni moja ya udongo. Samadi siweki. Kama shimo liko kwenye bamba zima, napasua kwanza chini yake kwa nyundo na mtaimbo hadi maji ninayomwaga yapotee machoni pangu. Shingo ya mmea inabaki juu, naizungushia kokoto. Napanda mwishoni mwa Agosti, ili mvua za Septemba zikute kidonda kimekauka na mizizi inaanza. Ukipanda kwenye bidoni, yaani dumu, litoboe chini, tundu nyingi.

Jua ni la lazima. Zangu zilizo chini ya mparachichi zimerefuka na kuinama, maua hazitoi. Zilizo juani hutoa maua mekundu yenye rangi ya chungwa, na ndege aitwaye chozi huja asubuhi na mapema kuyafyonza. Kwa hayo tu ningeipanda.

Hakikisha pia unajua una shubiri gani. Ile ya sokoni wanayoiita aloe vera asili yake ni Arabuni, na maua yake mara nyingi ni ya manjano. Ya kwetu yenye matawi, ambayo nadhani ndiyo Aloe dawei, ni ndugu yake tu. Tafadhali usinywe maji yake wala usimpe mjamzito. Ule utomvu wa manjano chini ya ganda unaharisha vibaya. Na usikubali mtu akuuzie iliyong'olewa mbugani: biashara ya kimataifa ya shubiri za porini inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na ndani ya Hifadhi ya Virunga hairuhusiwi kung'oa chochote. Uzio wa jirani unatosha.

Uzio wetu una matawi ya kutosha. Mwishoni mwa mwezi wa nane njoo na mfuko, nitakukatia manne.