Shaba Imeitafuna Gia Yangu

SWALI: Shikamoo fundi. Ninashindilia gia ndogo kwa unga wa chuma uliochanganywa na grafiti, kisha ninazichoma tanurini kwa nyuzi 1120. Meno yalikuwa yanakatika, nikashauriwa nizinyweshe shaba, yaani shaba iyeyuke juu yake na kuingia kwenye vitundu vyake. Nikakata vidonge kwenye fito ya shaba tupu, nikaweka kimoja juu ya kila gia. Sasa meno hayakatiki, lakini pale kidonge kilipokaa pamebaki shimo, na upande wa chini matone ya shaba yameganda. Gia moja, kabla ya shaba, ina gramu 132 na ujazo wa sentimita za ujazo 20. Nimekosea wapi? Na je, nichome gia kwanza, ndipo niirudishe tanurini na shaba?

JIBU: Marahaba. Kosa la kwanza ni kwamba shaba yako ni safi mno. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, na ikishakuwa majimaji huwa na njaa ya chuma: kwa joto lako huyeyusha asilimia chache za chuma ndani yake. Hula pale pale ilipogusa kwanza, ikishiba ndipo inazama. Dawa ni kuilisha mapema. Vidonge vya kazi hii hutengenezwa kwa unga wa shaba uliokwisha kutiwa chuma kidogo, na mara nyingi metali ya manganizi, ili mabaki ya juu yasishike, uyafute kwa brashi tu. Halafu kiweke kidonge kwenye uso usio na kazi, mbali na meno.

Matone ni shaba iliyokosa pa kwenda. Hapa wengi hukisia kwa macho. Mimi mwenyewe nilikisia kwa miaka, nikasugua matone kwa tupa mpaka vidole vikaota sugu. Gawanya 132 kwa 20: unapata gramu 6.6 kwa kila sentimita ya ujazo. Chuma kisicho na tundu ni 7.87. Basi karibu asilimia 16 ya gia yako ni vinyweleo, vile vitundu vidogo vilivyobaki kati ya chembe za unga, yaani sentimita za ujazo 3.2. Kila sentimita ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, kwa hiyo kuvijaza vyote ni gramu 29 hivi. Usivijaze vyote, kwani vingine vimejifunga na shaba haivifikii. Anza na gramu 25, na kila kidonge kipite kwenye mizani.

Usidhani meno yamekuwa magumu kwa sababu shaba ina nguvu kuliko chuma. Haina. Kilichokuwa kinakuvunjia meno ni vinyweleo: mzigo ukija, hukusanyika kwenye kona zao kali na ufa huanzia hapo. Shaba hupanda na kushuka humo kama mafuta kwenye utambi, huziba, na nyingine hujichanganya na chuma chenyewe na kukikaza. Chuma cha namna hii chenye kaboni asilimia 0.8, ambacho bila shaba huvumilia megapaskali 400 hivi (kipimo cha mvuto ambao chuma huhimili kabla ya kukatika), kikinyweshwa hufika karibu 600. Ukikipasha na kukizamisha kwenye mafuta baadaye, kinapita 800.

Kuhusu kuchoma mara mbili: mara moja yatosha, ila usikimbize tanuri. Ile nta uliyochanganya kulainisha unga lazima iishe kuungua kabla shaba haijayeyuka, na hewa ya tanuri iwe kavu, ya naitrojeni na hidrojeni. Chuma chenye kutu hata kidogo hakilowi shaba. Itakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Gia pia itavimba kidogo, kwa hiyo pima tundu la shafti upya kabla hujarekebisha kalibu.

Na tafadhali, ukishazoea usinyweshe kila kitu. Niliwahi kunywesha sinia zima la bushi, nikajisifu jinsi zilivyokuwa nzito. Zilikuwa bushi za kubeba mafuta ndani ya vinyweleo vyao! Ziling'ang'ania shafti siku ile ile zilipofungwa.

Kwenye kundi lijalo, toa gia moja, ikate katikati ya jino na uisugue mpaka ing'ae. Wekundu wa shaba ukiishia njiani bila kufika kwenye shina la jino, ongeza dakika kwenye joto la juu kabla hujaongeza shaba.