Maswali yenu: Mstari wa mtunzi, fumbo la msikilizaji

Mtunzi wa taarabu anasema wimbo wake ni wa mapenzi tu. Mbona ukumbini unageuka kijembe?

Mtazame mama anayekwenda kumtunza mwimbaji kwa fedha. Beti mbili za kwanza ametulia kitini. Mstari wake ukifika anainuka, anacheza taratibu hadi mbele, noti mkononi, midomo ikifuatisha maneno na macho kamkazia mtu wa meza ya pembeni. Ukumbi mzima umeshajua anayesemwa. Baadaye mwingine anautunzia mstari uleule huku akimtazama mumewe, na hapo ni mahaba matupu. Mwimbaji hajabadilisha hata neno. Fumbo halitaji jina, kwa hiyo msikilizaji ndiye analitia. Kwangu mimi huo ndio utamu mkubwa wa taarabu. Mtunzi akikana ugomvi, mwaminini. Ugomvi umeletwa na waliokuja kusikiliza.

Akishaeleza mwenyewe redioni, si mjadala umekwisha?

Haujaisha. Maelezo yake yana uzito, lakini hayamfuti yule mama na noti yake.

Jirani yangu hupita mlangoni kwangu na kanga ya "Hasidi hana sababu". Ananisema mimi?

Kanga hiyo imechapwa kwa wingi na kiwandani hakuna anayekujua. Kama mligombana juzi, na njia yake ya sokoni haipiti kwako, basi unasemwa. Kama huivaa hata msibani, huenda kapenda rangi tu. Ukimuuliza atakujibu hivyohivyo, na huna ushahidi. Nakusihi usikimbilie dukani kutafuta doti ya kumjibu. Ukiivaa tu, mtaa mzima utajua kwamba hasidi ni wewe.

Basi kila mtu ana maana yake, na zote sawa?

La hasha! Chukua utenzi ambao mshairi Mwana Kupona alimwachia bintiye mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Wapo wanaousoma kama somo la utii kwa mume. Wengine, nami nimo, tunasikia pia mama akimfundisha binti namna ya kuishika nyumba: anamwambia amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Kwa maneno hayo, mwenye nguvu ndani ya nyumba ni nani? Tubishane, kwa sababu kila upande una beti za kuonyesha. Lakini anayedai kwamba utenzi ule unamwambia binti amwache mumewe, atuonyeshe ubeti.