Usiipige kiki bado

Mdogo wangu, pole kwa kuondokewa na babu. Unauliza uanzie wapi na pikipiki ya Honda CG125 aliyokuachia, iliyolala bandani miaka tisa na kiki imegoma kushuka.

Anzia hapo hapo kwenye kiki, ila usiikanyage kwa nguvu. Huenda ringi za pistoni zimegandana na silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili kwenye tundu lake, uache siku mbili tatu. Kisha ingiza gia ya juu, ulisukume tairi la nyuma taratibu mbele na nyuma. Ikiachia, utasikia pumzi ikitoka tunduni, pfuu. Ya marehemu baba yangu iliachia siku ya nne. Nilikaa chini nikalia.

Ikikataa kabisa, fungua silinda. Injini hiyo haina cheni ya taimingi, vali zake husukumwa na fito, hivyo fundi makini anaiweza. Wachina wameiiga sana, kwa hiyo vipuri vipo, lakini nenda dukani na kile cha zamani mkononi mlinganishe.

Petroli ya zamani mwaga yote, safisha tangi na vitundu vya kabureta. Breki na tairi usizionee huruma, weka mpya.

Rangi iache kwanza. Pale tangi liliposuguliwa na goti la babu miaka yote, ukishapuliza rangi hutaparudisha tena.

Na kadi ya pikipiki yenye jina lake itafute leo. Utaihitaji pamoja na barua ya msimamizi wa mirathi kuhamisha umiliki.