Kabla ya Kuchagua Rangi ya Ukuta, Lala Kwenye Machela

Nimekuwa muuguzi wa kuwaandaa wagonjwa wa upasuaji kwa miaka mingi, na kila uongozi unapotaka kuboresha mazingira wanamosubiri, mjadala huanza na kuta: rangi gani, picha gani. Mimi huwaomba kwanza walale chali kwenye machela, wasukumwe kutoka wodini hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Wakishuka, habari ya kuta huwa imekwisha.

Mgonjwa wa machela haoni kuta. Anaona dari: taa zinampita usoni moja baada ya nyingine, madoa ya maji yaliyovuja, na sura za watu wanaomwinamia. Msanifu majengo Alvar Aalto alilijua hili. Alipobuni hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, Ufini, iliyokamilika 1933, aliichora akimfikiria mtu aliyelala. Dari za vyumba zilipakwa kijani kilichokoza, taa zikawekwa zisimchome mgonjwa macho, na hata masinki yakapewa mteremko ili maji yakitiririka yasimsumbue mwenzake. Kwa hiyo anzeni na dari na taa. Na kama kuna dirisha, kitanda kilielekee. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo huko Pennsylvania: waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi pungufu. Ni wagonjwa wachache, tena ni habari za baada ya upasuaji, si kabla. Lakini kugeuza kitanda ni bure.

Kelele ndiyo inayonikera zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wodi isizidi desibeli 30 hivi usiku, yaani kama mnong'ono, na sijawahi kufanya kazi mahali palipofikia hapo. Magurudumu yatiwe mafuta, milango ifungwe mpira, vifuniko vya chuma vya mapipa viondolewe. Halafu tupo sisi wenyewe. Tukicheka nyuma ya pazia, mgonjwa hudhani anachekwa yeye. Tukinong'ona, hudhani kuna jambo baya limeonekana kwenye vipimo vyake. Pazia huzuia macho, masikio haliyazuii. Mazungumzo ya ugonjwa na ya kusaini fomu ya ridhaa yanataka chumba chenye mlango.

Muziki unasaidia kupunguza hofu kabla ya upasuaji, na hilo limepimwa mara nyingi. Ila mgonjwa auchague mwenyewe, ausikilize kwa vipokea sauti. Wimbo wa spika moja kwa watu wote ni kelele nyingine tu. Televisheni ya taarifa ya habari, izimwe.

Baridi nayo hudanganya. Mtu aliyevaa gauni jepesi akianza kutetemeka, huamini ni woga, na woga wenyewe ukaongezeka. Mpe blanketi lenye joto kabla hajaliomba. Tena kumpasha joto mapema hupunguza kushuka kwa joto la mwili akishalazwa usingizi.

Miwani, vifaa vya kusikia na meno ya bandia viachwe kwa mwenyewe hadi dakika ya mwisho inayoruhusiwa. Sijui kwa nini tunamnyang'anya mtu macho na masikio, kisha tunamwambia atulie. Mtoto asiachanishwe na mzazi mapema. Kwa mtu mzima pia, kiti kimoja cha ndugu kando ya machela kinatosha.

Ratiba ikichelewa, msimwambie "bado kidogo". Mwambieni sababu, na saa ambayo mtarudi kwake, kisha mrudi saa hiyo hata kama hamna jipya. Muulizeni pia daktari wa dawa za usingizi kama mgonjwa bado anaruhusiwa maji matupu. Miongozo mingi huyaruhusu hadi zibaki saa mbili kabla ya dawa za usingizi kwa asiye na tatizo maalumu, ilhali wengi huachwa na kiu tangu usiku kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.