Subaru STI ya mtu binafsi: kabla hujatuma arbuni

SWALI: Fundi, salamu. Niko Nakuru. Kuna mtu Nairobi anauza Subaru Impreza WRX STI ya 2006, gia za mkono, kwa shilingi milioni 1.4. Anasema gari ni lake mwenyewe, injini iko "stage 2", na sauti ya ekzosi kwenye video ni tamu kweli. Anadai kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, kwa hiyo nimtumie arbuni ya shilingi 50,000 kwa M-Pesa anishikie. Sijawahi kumiliki gari la turbo. Nikague nini, na pesa nilipe vipi nisije nikalia?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo elfu hamsini usiitume. Kama mteja wa Jumamosi yupo kweli, mwache anunue. Arbuni hulipwa baada ya gari kuonekana, kukaguliwa na kuandikiwa mkataba. Muuzaji anayekuharakisha kabla hujashika hata usukani ana sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo iko chini ya boneti au kwenye kitabu cha umiliki.

Anza na karatasi, maana hazihitaji nauli ya kuja Nairobi. Mwombe namba ya usajili, kisha ufungue eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ulipie taarifa za gari kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Utapata jina la mwenye gari, namba ya chesi na namba ya injini. Jina hilo lilingane na kitambulisho cha huyo anayezungumza nawe. Akianza kusema gari ni la shemeji aliye Dubai, basi unaongea na dalali, na bei ina mkono wake ndani. Ukikuta jina la benki kando ya jina lake, gari lina mkopo. Tena usiishie hapo: tangu sheria ya 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, wakopeshaji huandikisha madai yao kwenye sajili yake maalumu, nayo inapatikana kupitia eCitizen. Tafuta huko pia. Wauzaji wengi wa magari ya aina hii ni vijana waliowahi kukopa kwa kuweka gari rehani, na deni hufuata gari.

Sasa, je, hiyo ni STI? Nauliza kwa sababu beji ya STI inauzwa Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, kwa bei ya chakula cha mchana. Gari la Japani la mwaka huo halina namba ndefu ya tarakimu 17; lina msimbo wa modeli, kistari, halafu namba. Msimbo ukiwa GDB, hiyo ni STI. Ukiwa GDA, ni WRX ya kawaida iliyovishwa nguo za kaka yake, na hailipiwi milioni 1.4. Msimbo huo umegongwa kwenye ukuta wa bodi nyuma ya injini, kwa hiyo usiridhike na kibati peke yake.

Dalili nyingine hazidanganyi kirahisi. STI ya 2006 ina giaboksi ya gia sita, na chini ya kirungu cha gia kuna pete unayoinua ili uingize rivasi. Breki ni Brembo. Boliti za magurudumu ni tano katika mduara wa milimita 114.3, ilhali za WRX ziko kwenye mduara wa milimita 100. Fundi yeyote wa magurudumu atakupimia hapo hapo.

Kuhusu ile sauti tamu: STI ya Japani ya miaka hiyo ilitoka kiwandani na mabomba ya ekzosi yenye urefu sawa, na haikuwa na ule mngurumo wa "bu-bu-bu" ambao watu huuita sauti ya Subaru. Ukiusikia kwenye hiyo video, basi ama mabomba yamebadilishwa, ama si STI. Mabomba kubadilishwa si kosa, lakini nani alibadilisha, na je, kompyuta ya injini ilirekebishwa baada ya hapo? Na kama linapiga risasi kila mguu unapotoka kwenye mafuta, huo ni mchanganyiko unaowaka ndani ya ekzosi badala ya kuishia kwenye silinda, na joto lake hula valvu na turbo.

Hilo neno "stage 2" kwa kawaida lina maana kwamba bomba la kutoka kwenye turbo limepanuliwa na programu ya injini imeandikwa upya. Mwulize iliandikwa na nani, wapi, kwa mafuta gani. EJ207, yaani injini ya hiyo STI, ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani yenye oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kutowaka kabla ya wakati) karibu 100. Ya pampu zetu haifiki huko. Programu iliyokopiwa kwenye intaneti na kupakiwa bila kupimwa kwa mafuta ya hapa hufanya injini igonge kimyakimya hadi pistoni ipasuke kwenye kingo za ringi. Asiyeweza kukutajia aliyeandika programu ya injini yake, mimi humhesabu kama muuzaji wa injini iliyokufa, na bei naipunguza kwa gharama ya injini.

Siku ya ukaguzi, mwambie waziwazi: usiwashe gari kabla sijafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mshukuru, mpange asubuhi nyingine. Hapa sifanyi mzaha, kwa sababu injini hizi husema mengi zikiwa baridi. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama, injini inakula oili na mwenyewe hajali. Ikiwashwa, sikiliza. Mlio mwepesi wa pistoni kugonga ambao unatokea injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto ni wa kawaida kwa injini nyingi za familia hii ya EJ na mtu anaweza kuishi nao. Mlio mzito wa kugonga unaokuja oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, ukisikika zaidi mizunguko ya injini ikiwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika unapoachia mafuta, huo ni wa beringi za kranki. Ukiusikia, funga boneti, rudi nyumbani. Hakuna punguzo linalofaa.

Kuna jambo ninalowashauri wateja wangu ambalo wauzaji wazuri hulipenda: beba oili mpya na filta, umwambie mwenye gari unamfanyia sevisi bure. Filta ya zamani ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Vumbi jeusi ni sawa. Vipande vinavyong'aa kama pambo la kucha ni beringi zinazokwisha. Akikataa sevisi ya bure, jiulize kwa nini.

Kisha pima kompresheni, yaani shinikizo la ndani, ya silinda zote nne. Kwenye injini hii, ambayo silinda zake zimelala, plagi ziko pembeni, fundi atatoa jasho na kazi itachukua muda, kwa hiyo panga malipo yake mapema. Zingatia jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa. Injini nzima itasoma chini ya namba za kitabu cha kiwanda, na muuzaji asipigwe bei kwa sababu hiyo. Unachotafuta ni silinda kufanana. Tatu zikisimama pamoja na moja ikaanguka, hasa namba nne, ya nyuma upande wa kushoto ukiwa umekaa kwenye gari, hapo kuna ringi au kingo za pistoni zilizopasuka. Silinda hiyo ndiyo huanza kuchoka kwenye turbo nyingi za EJ.

Linganisha pia namba ya injini na iliyo kwenye kitabu cha umiliki. STI nyingi zilizozeeka humu nchini zimeshabadilishiwa injini. Kubadilisha kunaruhusiwa, ila lazima kuandikishwe NTSA; usipokubaliana na muuzaji sasa alimalize, mzigo utakuwa wako siku ya kuuza.

Kwenye majaribio barabarani, hakikisha bima yake ni hai na wewe una leseni. Endesha mwenyewe, mchana, ukiwa na mwenzako. Ikiwa injini imepata moto, weka gia ya sita kwa mwendo wa taratibu, kanyaga mafuta: mizunguko ikipanda bila mwendo kupanda, klachi imekwisha. Kata usukani hadi mwisho kwenye lami kavu na usogee polepole. Gari likishikashika na kurukaruka, difa ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina tatizo, au matairi manne hayalingani. Kwa gari linalovuta magurudumu yote, matairi mawili mapya na mawili mazee ni uharibifu wa kila siku. Ukirudi, tazama chupa ya kulanti, maji ya kupoza injini: mapovu yasiyokoma yanamaanisha gesi ya silinda inapita kwenye gaskiti.

Hayo yote yakipita, mjadili bei, kisha nendeni kwa wakili mwandike mkataba wenye majina, vitambulisho na PIN za KRA (namba za mlipakodi). Kwa milioni 1.4, M-Pesa haifai, maana muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000, na hundi za zaidi ya milioni 1 hazipitishwi tangu 2009. Njia ni RTGS, yaani uhamisho wa pesa kutoka benki hadi benki, mkiwa ndani ya benki. Pesa taslimu kwenye maegesho ya duka kubwa, jioni, hapana. Utaratibu ninaouamini: muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen mbele yako, wewe uone ombi limeingia kwenye akaunti yako, ndipo RTGS iende. Ikithibitishwa, unachukua funguo zote, kitabu halisi cha umiliki na mkataba, halafu unakubali ombi na kulipia ada papo hapo. Fomu iliyosainiwa na ahadi ya "tutahamisha wiki ijayo" usizipokee. Sheria ya Trafiki inakupa siku 14, lakini simu za wauzaji huzimwa mapema kuliko hapo. Nayo humtazama aliye kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo hata muuzaji, asiyetaka kubeba faini zako, atafaidika.

La mwisho, mkanda wa taiming. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini hii valvu hugongana na pistoni. Kama hana risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, usiliendeshe hadi Nakuru. Liache kwa fundi Nairobi, uweke mkanda mpya, vikaza mkanda na pampu ya maji, halafu ndipo upandishe barabara.