Kilo Tano za Chai ya Saa Nne

*Shikamoo mama. Nina miaka 39, urefu sentimita 162, uzito kilo 73. Ni mhasibu, ofisi yetu ipo Posta, nakaa kitini kutwa nzima. Kliniki wamenipima presha wakasema bado si mbaya, ila nipunguze kilo kama tano. Natoka nyumbani alfajiri bila kula. Mchana nakula wali kidogo na mchicha. Shida yangu ni njaa ya saa nne na ya saa kumi. Saa nne kuna dada anatuletea chapati na maandazi mpaka mezani. Saa kumi nakula bagia au keki na kushushia soda. Gym siwezi, nina wanangu wadogo wananisubiri. Rafiki yangu anauza chai ya kupunguza tumbo, anasema kwa wiki mbili nitaona tofauti. Ninunue?*
Mama Wawili, Kimara, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo chai, kabla hujaitolea hela: usinunue. Nyingi za aina hiyo zina sanamaki, yale majani ambayo bibi zetu wa pwani walimpa mtu aliyefunga choo. Utaharisha, mizani itashuka, utafurahi. Lakini kilichotoka ni maji na choo, mafuta ya tumboni yako palepale. Ukiizoea, utumbo unakuwa mvivu na mwili unapoteza madini ambayo moyo unayategemea. Mtu anayechungwa presha hana sababu ya kujiingiza huko. Miaka yangu ya uuguzi nimewapokea akina mama waliokuja wamelegea, midomo mikavu, na ukiuliza taratibu unakuta kopo la chai ya namna hiyo limo kwenye mkoba.

Sasa tuje mezani kwako. Umeniandikia kwamba unakula kidogo mchana kana kwamba hilo ni jambo la kusifiwa. Mimi naona ndipo njaa ya saa kumi inapozaliwa. Umetoka Kimara tumbo tupu, saa nne umekula unga na mafuta, mchana umekula wali na mboga ya majani, hapo kitu cha kukushibisha kwa muda mrefu kiko wapi? Mwambie mama ntilie wako apunguze wali kijiko kimoja, aongeze maharage upawa mzima, au choroko, au kipande cha samaki wa mchuzi. Fanya hivyo wiki moja tu uone kama bagia zitakuita kwa sauti ileile.

Na hiyo chapati, hebu siku moja simama uitazame inavyopikwa. Donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa, linasukumwa tena, kisha kikaangoni linamiminiwa mafuta upande huu, linageuzwa, linamiminiwa na upande wa pili. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, ndiyo maana chapati moja ya kushiba inaweza kufika kalori 250 hadi 300. Soda ya chupa ya plastiki ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, zaidi ya vijiko kumi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Wewe unaimaliza kwa chupa moja, na chai ya saa nne sijaihesabu.

Nimekuwekea hesabu hizi kwa sababu zina habari njema ndani yake. Ukiondoa chapati moja na soda moja kwa siku, umepunguza kalori zinazokaribia 500, na kwa watu wengi hicho ndicho kiasi cha kushusha kama nusu kilo kwa wiki. Kilo zako tano ni kazi ya miezi mitatu, bila kushinda njaa.

Sikwambii uache kutafuna. Njaa ya saa nne ni ya kweli, nakuomba uilishe vizuri. Pale Posta wapita wauza mayai ya kuchemsha: chukua moja, na kachumbari yake, chumvi mguso tu kwa ajili ya presha. Kuna wenye ndoo za matunda, machungwa yaliyomenywa, matango, vipande vya tikiti. Nyumbani jioni ukichemsha viazi vitamu au mihogo ya watoto, weka vipande viwili kwenye kontena la kesho. Karanga ni nzuri lakini zina mafuta mengi, kwa hiyo iwe ngumi moja ya mkono wako, na mfuko uliobaki umpe jirani. Chai iwe ya rangi yenye tangawizi au mchaichai. Kama umezoea vijiko vitatu vya sukari, wiki hii weka viwili, wiki ya kesho kimoja na nusu. Ulimi unazoea, mradi usiulazimishe kwa siku moja. Yule dada wa chapati usimkimbie. Ijumaa nunua moja, ule ukiwa umekaa, uifurahie.

Mazoezi. Gym huihitaji. Asubuhi ukiwa kwenye basi la mwendokasi, usisubiri kufika Posta ya Zamani. Shuka kituo cha Fire, utembee kipande kilichobaki. Kwa mwendo wa kukaza ni kama dakika 20, na jua halijawa kali. Mwendo wa kukaza ni ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Vaa raba, viatu vya ofisi vibaki kwenye mkoba. Siku tano ni dakika 100. Jumamosi na Jumapili watoke watoto na mama yao, dakika 25 kila siku, na utakuwa umefikisha 150 zinazoshauriwa kwa wiki. Kisha, mara mbili au tatu kwa wiki, ukingoja ugali uive, weka kiti nyuma yako, kaa na usimame mara kumi bila kushika popote, pumzika, rudia. Mapaja yatauma siku za mwanzo. Goti likiuma, acha, ukaonyeshe kliniki.

Ila usijidanganye kwamba matembezi yatafuta chapati. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa uzito wako inaunguza kalori kama 130 tu. Kutembea kunasaidia presha, usingizi na moyo. Kilo zinashushwa zaidi na kilichomo kwenye sahani. Presha ipimwe tena tarehe waliyokupa, hata ukijisikia mzima.

*Shikamoo bibi. Mimi ni mlinzi wa usiku, nakunywa kahawa na kashata mpaka alfajiri ili nisisinzie. Tumbo limetoka. Nifanyeje?*
Mlinzi, Tanga

Marahaba. Kahawa chungu endelea nayo, ila ikome saa saba usiku ili asubuhi upate usingizi, maana asiyelala vizuri hula zaidi. Tatizo ni kashata: sukari, pamoja na nazi au karanga, na unazila usiku kucha bila kuhesabu. Kula chakula chako kamili kabla ya kuingia zamu, beba hindi la kuchemsha au mayai mawili ya kula usiku wa manane, na kashata ibaki moja na kahawa ya kwanza. Kila saa zunguka ukuta wote kwa mwendo wa haraka, maana kazi yenyewe inataka hivyo. Usihangaike na mizani. Tafuta futi ya fundi cherehani, upime kiuno usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamume, kikizidi sentimita 94, nenda ukapime sukari na presha, usingoje kuumwa.